PS5 ya CD au isiyo na CD? Hesabu ya saa 22

Mpwa wangu alinipigia Jumamosi akiwa Kariakoo, kelele za mtaa zikimzidi sauti. “Shikamoo mjomba. Nimeziona PlayStation 5 zote mbili hapa. Ile isiyoingiza CD bei yake iko chini, na muuzaji anasema CD zimepitwa na wakati. Nilipie?”

Nikamwambia asubiri.

Habari ya kuchagua mashine ya gemu, PlayStation au Xbox, naipita haraka. Angalia wenzako wa mtaani wanacheza nini, nunua hicho hicho, maana gemu la mpira bila mpinzani ni kama kucheza bao peke yako. Nintendo Switch ina betri yake, umeme ukikatika unaendelea kucheza, ila kadi za gemu zake huku ni za kutafuta kwa tochi. Ubishi uliobaki ni tundu la CD. (Ni Blu-ray kwa kweli, lakini nani anaiita hivyo?)

PS5 ilipotoka Novemba 2020, Marekani ile ya CD iliuzwa dola 499 na isiyo na CD dola 399. Xbox Series S ya mwezi huohuo ilikuwa dola 299, nayo haina tundu kabisa. Wanaozitetea zisizo na CD wana hoja. CD inakwaruzika, inaazimwa hairudi, inapotea siku ya kuhama. Gemu lililo kwenye akaunti mwizi habebi. Duka la mtandaoni nalo lina misimu ya kushusha bei hadi ukashangaa. Na kama wewe ni mtu wa gemu za eFootball na Fortnite, ambazo ni za bure, CD utaingiza ipi?

Hata CD zenyewe siku hizi zina ujanja. Ile ya gemu la vita la Call of Duty: Modern Warfare II ya 2022, kwa PS5, ilikuwa na takriban MB 70 tu ndani yake, mzigo wote uliobaki ulipaswa kupakuliwa. Kwa hiyo simwambii mtu kwamba CD ni mwarobaini.

Lakini hebu tupige hesabu ambayo muuzaji hapigi. Gemu kubwa za sasa huvuka GB 100. Chukua hiyo 100, weka intaneti ya nyumbani yenye kasi ya Mbps 10. Ni sekunde 80,000, yaani saa 22 na ushei. Hapo laini haijayumba, umeme haujakatika, na dada yako hajafungua tamthilia kwenye waifai hiyohiyo. Kwa bando la simu la GB 10, ni mabando kumi kabla hujapiga hata pasi moja.

Na saa 22 hizo hazilipwi mara moja tu. Chukua Series S ya GB 512: nafasi inayobaki kwa ajili ya gemu ni kama 364. Gemu tatu kubwa, imejaa. Ukitaka la nne unafuta moja, na siku ukilikumbuka lile ulilofuta, saa 22 nyingine. Mwenye CD naye anafuta, ila analirudisha kutoka kwenye CD yake, akabaki kupakua maboresho tu. Maboresho nayo yanaweza kuwa makubwa, sikatai, lakini mara nyingi hayafiki mzigo mzima.

Halafu kuna suala la hilo duka la mtandaoni lenyewe. Tanzania na Kenya hazimo kwenye orodha ya nchi zinazohudumiwa rasmi na mtandao wa PlayStation, ndiyo maana watu wetu wanafungua akaunti za Marekani, Uingereza au Afrika Kusini. Mei 2024 tuliona maana yake: gemu la Helldivers 2 la kompyuta liliondolewa sokoni katika nchi na maeneo zaidi ya 170 kwa sababu ya sharti la kuwa na akaunti ya PlayStation. Mimi mwenyewe niliwahi kuuziwa kadi ya pesa ya duka la PlayStation la Marekani wakati akaunti yangu ni ya Uingereza. Kadi ikagoma, muuzaji akasema hasara ni juu yangu.

CD haikuulizi akaunti ni ya nchi gani. Jamaa wa kibanda cha gemu jirani yangu anaifuta kwa upindo wa fulana, kuanzia katikati kwenda ukingoni, kamwe si kwa kuzungusha, anaisukuma ndani na wateja wanaendelea. Akiichoka anaibadilisha na mwenzake, anaongeza hela kidogo. Gemu la mpira la FC hutoka toleo jipya kila Septemba, na hapo bei ya CD ya mwaka jana huporomoka. Asiyejali usajili mpya anafaidi.

Kinachonichekesha ni kwamba Sony, wenye PlayStation, waliwahi kulielewa hili kuliko yeyote. Mwaka 2013 Microsoft walitaka kuibana biashara ya CD zilizotumika kwenye Xbox One yao. Sony wakajibu kwa video fupi ya kufundisha namna ya kumpa mwenzako gemu: mmoja anakabidhi, mwingine anapokea, basi. Microsoft wakarudi nyuma mwezi huohuo wa Juni. Novemba 2024 Sony haohao wakatoa PS5 Pro, dola 699, bila tundu.

Ipo njia ya katikati, PS5 nyembamba ya Novemba 2023, ambayo sehemu ya CD unaweza kuinunua baadaye na kuipachika. Ila bei ya kuanzia ilikuwa hivi: isiyo na CD dola 449, yenye CD 499, sehemu ya CD peke yake 79. Anayejibana leo analipa takriban dola 30 zaidi kesho, na bado anahitaji intaneti kuiunganisha mara ya kwanza.

Nilimweleza mpwa haya yote, salio langu likaisha katikati ya sentensi. Jioni akanitumia picha. Hakununua mashine yoyote. Ile ya CD imempita laki na kitu, ataifuata mwisho wa mwezi. Mkononi ameshika CD ya FC ya mwaka jana, ameipata kwa elfu ishirini, ya mashine ambayo bado hana.