Saini zinazokubali kupigiwa hesabu: aachiwe nani?

Wengi tukisikia saini ya kidijitali, ile alama ya kihesabu inayothibitisha ujumbe umetoka kwa nani, tunawaza kitu kimoja, ukigusa hata herufi moja ya ujumbe saini imekufa. Ila kuna saini za kihomomofiki, hizi unampa mtu data uliyosaini, anaipigia hesabu, anatoka na jibu pamoja na saini ya hilo jibu, na ufunguo wako wa siri hajauona. Sasa ubishi ni huu: hesabu apige yeyote au mwenye ruhusa tu?

Chukua RSA, mfumo wa saini wa funguo mbili, ile ya kwenye daftari, yenye namba ndogo tu: namba ya kugawanyia 33, ufunguo wa wazi wa kuhakiki 3, wa siri wa kusaini 7. Kusaini 2 unaipandisha kipeo cha 7 unapata 128, gawanya kwa 33 inabaki 29. Saini ya 3 inatoka 9. Mimi nisiyeujua ufunguo wa siri nazidisha 29 kwa 9 napata 261, nagawanya kwa 33 inabaki 30, na 30 ni saini halali ya 6, yaani 2 mara 3! Mwenye ufunguo hajawahi kuisaini 6. Ndo maana RSA ya kazini inapitisha ujumbe kwenye heshi kwanza, fomula inayoukoroga uwe namba nyingine kabisa, kuziba hilo tundu. Watafiti Johnson, Molnar, Song na Wagner mwaka 2002 wakaligeuza tundu kuwa kifaa, 2011 Boneh na Freeman wakafika kwenye polinomia, yaani fomula za kujumlisha na kuzidisha, na saini ya jibu imefungwa na fomula iliyotumika, kwa hiyo huwezi kuita jumla wastani.

Wanaotaka mlango wazi wana hoja nzito. Kuna mitandao ambayo kila kituo njiani kinachanganya pakiti, yaani vipande vya data, kabla ya kuzisukuma mbele, na pakiti moja chafu ikiingia inachafua zote zinazofuata. Saini hizi zinakipa kituo uwezo wa kukagua na kuchanganya bila siri yoyote. Ukidai kila kituo kiwe na ufunguo wa ruhusa, umetawanya funguo mtandao mzima na mwizi anahitaji kupata mmoja tu.

Ila mimi kwenye data za watu nasimama upande wa kufunga, na sababu ni hii. Ofisi ina wafanyakazi wawili, mishahara imesainiwa na mwajiri, mtu anatoa wastani uliosainiwa, 800,000. Mimi nalipwa 600,000, basi mwenzangu anapata 1,000,000, nimeshajua. Ipo mifumo ya saini hizi ambayo saini ya jibu haivujishi data ya mwanzo, sawa, lakini hapa anayevujisha ni jibu lenyewe, na mbaya zaidi lina saini, mwenzangu hawezi hata kukana.

Tusidanganyane lakini, kufuli hilo halizuii hesabu. Aliye na data mkononi atajumlisha tu, anachokosa ni uthibitisho wa kumwonyesha mtu wa tatu. Halafu ukimpa ruhusa mmoja peke yake, akigoma kutoa jumla isiyompendeza utamfanya nini? Kwa hiyo naona ruhusa ifungwe zaidi kwenye fomula kuliko kwenye mtu: mwenye data aseme mapema hesabu zipi zinaruhusiwa na ziguse watu wangapi kwa uchache, na kuhakiki saini kubaki wazi kwa kila mtu. Ile ofisi ya watu wawili isipate wastani wenye saini kabisa, hata bosi akiomba.