Bia ya Nyumbani Haipimwi kwa Kulewesha

Kila anayepika bia nyumbani hapa Nairobi analijua swali hili, na huulizwa kabla glasi haijafika mdomoni: "Hii ni asilimia ngapi?" Hakuna anayetaka kujua umetumia hopsi gani, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, wala imekaa wiki ngapi. Jumamosi iliyopita, kwenye nyama choma huko Lang'ata, mwenyeji wetu alitoa chupa za pale ale, bia yenye uchungu wa hopsi, aliyoipika mwenyewe na kututangazia kwamba ni tisa. Nikamuuliza, "Bwana, ulianza na kipimo gani?" Hakuwa amepima chochote. Alifungua mkebe wa kimea (nafaka iliyooteshwa, iliyogeuzwa sharubati nzito), akatia sukari kilo mbili pale maelezo yalipotaka moja, akangoja mapovu yanyamaze, akajaza chupa. Bia ilikuwa inachoma koo, haina uzito mdomoni, na ladha ya kimea huisikii hata ukiitafuta. Watu wakaisifu. "Hii inashika," wakasema, wakaomba nyingine.

Siwezi kulinyamazia jambo hili, maana halimhusu yeye peke yake. Nusu ya watu ninaowajua wanaopika kwa seti za mikebe wanapika hivyo hivyo.

Kwanza, hiyo tisa haipo. Mkebe wa kilo 1.7 na kilo moja ya sukari kwenye lita 23 hukupa kipimo cha mwanzo, yaani uzito wa kimiminika ukilinganishwa na maji kabla ya kuchacha, cha karibu 1.039. Ikichacha mpaka 1.008, toa cha mwisho kwenye cha mwanzo, zidisha kwa 131, na umepata asilimia nne na kidogo, jirani kabisa na Tusker yenye 4.2. Kila kilo ya sukari unayoongeza kwenye lita hizo hizo huleta asilimia mbili na ushee. Basi mwenye kilo mbili amefika sita na nusu hivi, tena kama hamira imemaliza kila kitu. Asiyepima kabla ya kuweka hamira hajui bia yake ina nguvu gani, na hana namna rahisi ya kujua baadaye. Haidromita, kifaa cha kupima uzito huo, ni kijiti cha kioo tu, hakiwezi kumshinda bei mtu aliyenunua seti nzima.

Lakini tuseme angepima, na ikawa sita na nusu kweli. Bado ameiharibu pale ale. Sukari ya miwa huliwa na hamira karibu yote, haiachi nyuma kitu cha kuupa ulimi kazi. Kimea huacha: ule utamu mdogo, ule uzito unaoshikana na uchungu wa hopsi. Uchungu wa kwenye mkebe umeshapimwa na aliyeutengeneza, kwa kiasi fulani cha kimea na kiasi fulani cha kilevi. Ukizidisha kilevi bila kuzidisha kimea, umebomoa mizani ambayo ndiyo pale ale yenyewe. Wapikaji wa Burton kule Uingereza walijulikana kwa bia hii kwa sababu maji yao yenye jasi yaliutoa uchungu wa hopsi ukiwa safi. Kiwanda cha Sierra Nevada cha California kilipoanza kupika pale ale yake mwaka 1980, watu waliipendea harufu ya hopsi za Cascade. Ukitaka kuwalewesha wageni haraka, maduka yamejaa vitu vya kazi hiyo, usimsumbue kimea.

Nakubali, shingo upande, kwamba kimea kinaumiza mfuko. Mikebe inatoka nje, na sukari iko duka la chini ya ploti. Aliye na mkebe mmoja na anataka bia nzito kidogo apunguze maji. Mkebe ule ule na kilo ile ile ya sukari kwenye lita 18 vitampeleka kwenye 1.050 hivi, na bia ya asilimia tano na kidogo yenye ladha kamili. Atapata chupa chache zaidi, ndiyo, lakini zitanyweka.

Ule mchomo wa kooni nao una sababu yake, na mara nyingi ni joto. Hamira ya eli, jamii ya bia ambamo pale ale imo, hupenda nyuzi 18 hadi 22, na Mungu ametupa Nairobi, mji ulio karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako nyumba nyingi hukaa humo humo bila friji wala mashine. Wenzetu wa Mombasa wangelipia hali hii ya hewa kama ingeuzwa. Halafu mtu anaweka ndoo yake chumba cha juu chini ya mabati, mwezi wa Februari! Hamira inapofanya kazi huzalisha joto lake yenyewe, kwa hiyo ndani ya ndoo kuna moto kuliko chumbani. Hapo hutoa vilevi vile vikali vinavyonusa kama rangi ya kucha na kuchoma koo. Ifunike ndoo taulo lenye maji, iweke sakafuni upande usiopigwa na jua. Siku tatu za mwanzo ndizo muhimu kuliko zote.

Kuna jambo lingine, na hili ni zito. Februari 2024 watu 17 walikufa Kirinyaga kwa kunywa pombe yenye sumu. Kimea kikichachushwa vizuri hakitoi methanoli ya kumdhuru mtu. Sumu huingia pale mtu anapochanganya vitu kwenye kinywaji ili kiwe kikali. Ndiyo maana huwa sicheki mtu anaposema "hii inashika" kana kwamba amesifu upishi. Mpikaji wa muratina, pombe ya kienyeji inayochachushwa kwa matunda makavu, hukausha yale matunda na kuyatunza kwa sababu ndiyo yanayobeba hamira ya pombe inayofuata. Huo ni uangalifu, na wenye mikebe tunapaswa kuwa nao.

Uangalifu huo unahitajika zaidi wakati wa kujaza chupa. Mapovu yakinyamaza haina maana kazi imekwisha. Julai, usiku wa Nairobi ukishuka hadi nyuzi 12, hamira husinzia na sukari bado imo. Ukijaza chupa hapo, Septemba joto likirudi hamira inaamka ndani ya kioo kilichofungwa, hewa ukaa inakosa pa kutokea, na chupa inapasuka. Vipande vya kioo vinaruka kwenye chumba ambamo watoto wanacheza. Aliyemwaga sukari ya ziada bila kupima yuko hatarini zaidi, kwa sababu hamira ikizidiwa husimama njiani na yeye hana habari. Pima, ngoja siku mbili au tatu, pima tena. Namba zikilingana, na ziko karibu na pale ulipotarajia, ndipo utie sukari ya gesi, ile ya kuleta mapovu ndani ya chupa: gramu 6 kwa kila lita, kwa mizani, na si kwa kijiko cha kukisia. Kama kipimo kimekwama kwenye 1.020, peleka ndoo mahali penye joto kidogo, itikise taratibu, na uiache iendelee. Chupa zitasubiri.