Uzito wa Panya Hautuambii Umri Wake

Wiki hii nimesoma ripoti ya jaribio la dawa ya ganzi kwa panya, nikafika mwisho bila kujua wanyama hao walikuwa na umri gani. Waandishi walitaja uzito kwa gramu, dozi kwa usahihi wa kupigiwa mfano, na hata joto la bamba lililotumika kupimia hisia. Umri haukutajwa kwa neno hata moja. Nilikasirika, na hasira haijaniisha, kwa sababu umri ndio unaotuambia neva zilizochomwa dawa ile zilikuwa zimekomaa kiasi gani.

Panya huzaliwa kabla hajaiva: macho yamefumba, mwili hauna manyoya, na ala ya mayelini, yaani utando wa mafuta unaozunguka neva zake na kuharakisha ujumbe, ndiyo kwanza inajengwa. Niliwahi kutazama panya wa siku chache akiguswa unyayo kwa unywele mwembamba wa von Frey, uzi wa kupimia hisia ya mguso. Alirusha mguu wote, kiwiliwili kikajipinda, ilhali panya mzima aliyeguswa kwa unywele uleule hakusogea. Njia zinazoshuka kutoka kwenye ubongo kuutuliza uti wa mgongo haziifanyi kazi hiyo ipasavyo mpaka karibu wiki ya tatu, na ndiyo maana mguso mdogo huzua kishindo kikubwa. Anayesema panya mchanga hana hisia kwa kuwa hajakomaa ameligeuza jambo juu chini.

Sasa mchome panya huyo bupivakaini, dawa ya ganzi, kando ya neva ya siatiki, ile neva kubwa ya mguu. Dawa huziba milango ya sodiamu na kukata ujumbe njiani, lakini ili ujumbe ukatike katika nyuzi zenye mayelini ni lazima izibe vifundo kadhaa vya Ranvier (mapengo madogo kwenye ala ya mayelini) vinavyofuatana, na kwa panya mchanga vifundo hivyo viko karibu karibu zaidi, kwa hiyo kipande kifupi cha neva kikilowa kinatosha. Hapo ndipo mazoea ya kugawa dozi kwa kilo yanaponisumbua. Panya wa gramu 300 ana uzito mara 15 ya panya wa gramu 20, kwa hiyo atapewa dawa mara 15. Ila kama maumbo yao yangefanana, urefu wa neva ungetofautiana kwa takriban mara mbili na nusu tu. Dozi kwa kilo inatusaidia kukadiria kiasi kitakachoingia kwenye damu na hatari yake kwa moyo, na hilo nalikubali, lakini haituambii ni urefu gani wa neva umelowa dawa. Mtu akilinganisha muda wa ganzi kati ya mchanga na mzima bila kutenganisha mambo hayo mawili, hajui kama amepima ukomavu wa neva au amepima ujazo wa sindano yake.

Isitoshe, ganzi hupimwa kwa kuhesabu sekunde ambazo panya huacha mguu juu ya bamba la moto kabla ya kuuondoa. Ikiwa wa umri mmoja huuondoa upesi kuliko wa umri mwingine hata kabla ya sindano, basi kila kundi lipimwe dhidi ya hali yake lenyewe, na mguu wa pili usiochomwa upimwe pia, kwani ukichelewa nao tutajua dawa imesambaa mwilini.

Wazee nao wamesahauliwa. Panya wa miaka miwili amekwisha kupoteza baadhi ya nyuzi za neva, na zilizobaki hupeleka ujumbe polepole zaidi.

Najua panya wa miezi miwili au mitatu ni rahisi kupatikana na hufanana, na kwamba kuwatunza wengine hadi uzeeni ni gharama, tena wengi hufa njiani. Hata hivyo, hadi miaka ya 1980 watoto njiti walikuwa wakipasuliwa kwa dawa kidogo mno ya maumivu, mpaka mtafiti Anand na wenzake walipoonyesha mwaka 1987 kwamba miili yao huitikia upasuaji kwa msukosuko mkubwa wa homoni, na kwamba fentanili, dawa kali ya maumivu, huupunguza. Tukiwa na historia hiyo nyuma yetu, siwezi kuuchukulia umri kama jambo dogo la kuachwa nje ya ripoti, hasa kwa kuwa tarehe ya kuzaliwa kwa kawaida huwa imeandikwa tayari kwenye kadi ya kizimba.