Kabla ya Kuipiga Rangi Landrover ya Zamani

Mtu anayenunua Landrover ya zamani hapa kwetu Arusha hupewa ushauri wa bure siku ileile ya kwanza: ipeleke kwa fundi bodi, ikwanguliwe rangi yote, ipigwe msasa, ipakwe upya, ing'ae. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, na mafundi wetu ni hodari. Hata hivyo naupinga kwa nguvu zote, kwa sababu msasa hufuta katika mchana mmoja ushahidi ambao gari limeubeba kwa zaidi ya nusu karne, na ushahidi huo ukishafutwa hakuna fedha inayoweza kuurudisha. Mwenye gari la namna hii anapaswa kwanza kujua ana gari gani, lilitoka wapi, lilimtumikia nani na vipande vyake vipi ni vya asili. Kazi ya sura ije baadaye, tena kwa kiasi.

Pa kuanzia ni namba. Landrover za Series IIA, zilizotengenezwa Solihull, Uingereza, kati ya mwaka 1961 na 1971, zina namba ya chasisi ambayo yenyewe ni maelezo ya gari. Kwa gari la 109, yaani lenye inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, likiwa la petroli na usukani wa kulia, namba inayoanza na 251 ni ya gari lililouzwa Uingereza kwenyewe, 252 ni ya gari lililokusudiwa kuuzwa nje, na 253 ni ya gari lililosafirishwa vipande vipande ili likaunganishwe katika nchi nyingine. Herufi inayofuata mwishoni huonyesha hatua ya mabadiliko ya kiufundi ambayo kiwanda kilikuwa kimeifikia. Bamba lenye namba hiyo limefungwa ndani ya gari, na kwa kuwa yeyote mwenye bisibisi anaweza kulihamishia kwenye gari jingine, mimi siliamini peke yake. Namba ya kuaminika ni ile iliyogongwa kwenye chuma cha chasisi, upande wa kulia mbele, pale panaposhikilia springi. Aghalabu hufunikwa na tope, grisi na rangi za miaka mingi, na dawa yake ni mafuta ya taa, brashi laini ya waya na subira. Fundi asikaribie hapo na grainda, maana namba haikugongwa kwa kina kirefu. Chuma kikishasafishwa, sugua chaki juu yake, na tarakimu zitajitokeza nyeupe.

Namba hiyo ikisomeka vizuri, kuna mahali pa kuipeleka. Jumba la makumbusho ya magari la Uingereza, British Motor Museum lililoko Gaydon, linatunza kumbukumbu za kiwanda, na kwa malipo hutoa cheti kinachotaja tarehe gari lilipokamilika, rangi yake ya kwanza na mahali lilipopelekwa. Gari langu ni la 252, na cheti chake kimeandika rangi ya kijivu na Dar es Salaam. Maneno hayo machache yaliniondolea ubishi mwingi, kwa sababu kadi ya gari ilisema jambo jingine kabisa kuhusu rangi, na mwaka uliomo kwenye kadi ulikuwa wa usajili wala si wa kutengenezwa. Kadi inastahili heshima yake kama hati ya umiliki, lakini kama hati ya historia inatakiwa ithibitishwe na chuma.

Kwa magari yaliyokuja vipande vipande hali ni tofauti, na hapa wamiliki wengi, hasa ndugu zetu wa Kenya, hujisikia wanyonge bila sababu. Cheti cha Gaydon kwa gari la aina hiyo huwa na machache, kwa kuwa kiwanda kilifunga sanduku la vipuri na kulipeleka melini. Gari lenyewe lilizaliwa kwingine. Kiwanda cha Leyland Kenya kule Thika kiliunganisha Landrover kuanzia miaka ya 1970, na gari lililotoka pale lina uasili wake kamili, likiwa na rangi ya Thika na kazi ya mikono ya wafanyakazi wa Thika. Kumwambia mwenye gari hilo kwamba lake si halisi kama la Solihull ni kupotosha, na kulikarabati ili lifanane na la Solihull ni kulivika historia isiyo yake.

Sasa niseme kuhusu rangi, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya niandike. Bodi ya Landrover ni ya aloi ya aluminiamu, uamuzi uliotokana na uhaba wa chuma Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili, na kwa kuwa haioti kutu kama chuma, rangi hupakwa moja juu ya nyingine bila ya ile ya chini kuondolewa. Mlango wa dereva wa gari langu ulikuwa mweupe. Nilipousugua polepole kwa msasa laini uliolowa maji, eneo dogo lisilozidi kiganja, chini ya nyeupe ilitokea kijani, na chini ya kijani ikatokea kijivu, sawasawa na kilivyosema cheti. Kisha, kati ya kijani na nyeupe, zikaonekana herufi zilizoandikwa kwa mkono: IFUGO. Herufi ya kwanza ilikuwa imekwanguka, lakini haikuhitaji mwalimu. Gari hili lilikuwa la idara ya Mifugo.

Hata hivyo mlango hufungwa kwa bolti, na unaweza kuwa umetoka kwenye gari jingine lililokufa gereji. Kwa hiyo nilitafuta mpangilio uleule mahali pasipobadilishwa kirahisi, yaani kwenye ukuta wa chuma unaotenga injini na miguu ya dereva, chini ya dashibodi ambako bunduki ya rangi haifiki vizuri. Kijivu kilikuwepo, kijani juu yake, nyeupe juu ya vyote. Mlango wa abiria, kinyume chake, una buluu chini ya nyeupe, bila kijivu popote; huo ni mgeni, na nimeuandika hivyo kwenye faili la gari. Njia hii haina gharama, na inaamua mambo ambayo maneno ya muuzaji hayawezi kuyaamua. Inasaidiwa na alama nyingine ndogo, kwa mfano vitone vilivyo kwenye nembo ya vioo vya Triplex, ambavyo huashiria kipindi kioo kilipotengenezwa, na tarehe zilizogongwa kwenye vifaa vya umeme vya Lucas.

Mzee mmoja, dereva mstaafu aliyewahi kuendesha magari ya mifugo, alilitazama gari langu nyuma akaweka kidole kwenye matundu ya bolti yaliyo sakafuni, mawili kila upande, ambayo mimi nilidhani yametobolewa ovyo. Akasema, "Hapa palikaa sanduku la chanjo. Barafu, chanjo, na kamba juu yake." Akaeleza jinsi walivyotoka usiku ili barafu isiyeyuke kabla ya kufika kwenye boma, na jinsi ng'ombe walivyosubirishwa kwenye njia nyembamba ya miti ya kuchanjia. Enzi hizo adui mkubwa alikuwa sotoka, ugonjwa uliomaliza mifugo ya wafugaji wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, na ambao ulitangazwa kutokomezwa duniani kote mwaka 2011. Fundi wangu alikuwa ameshakata kipande cha aluminiamu cha kuziba matundu hayo. Nilimshukuru, nikamwomba akirudishe stoo, kwani matundu yale ndiyo sehemu yenye thamani kuliko zote katika gari hili, na kiwanda hakikuyatoboa.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaopima uasili kwa kuangalia tu gari lilivyotoka kiwandani. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, linalitambua gari la kihistoria kuwa ni lile lenye umri wa angalau miaka 30, lililotunzwa katika hali sahihi kihistoria na ambalo halitumiki kwa usafiri wa kila siku. Masharti mawili ya kwanza nayakubali. La tatu linafaa nchi ambako magari haya yamekuwa mapambo ya Jumapili. Landrover inayopeleka watu na mbuzi mnadani Simanjiro au Loliondo bado inaendeleza historia yake, na sioni kwa nini kazi iipunguzie heshima. Mkataba wa Turin wa shirikisho hilohilo naupenda zaidi, kwa kuwa unatanguliza uhifadhi mbele ya ukarabati na unayathamini mabadiliko yaliyofanywa wakati gari likiwa kazini.

Je, kila kilichobadilishwa kiachwe? La. Kabureta ya bandia inayokunywa petroli bure inaweza kuondolewa na kurudishwa Zenith au Solex ya aina iliyokuja na injini ile ya sentimita za ujazo 2,286. Breki na usukani havina mjadala: viwe salama hata kama ni vipya. Injini ya dizeli ya Kijapani iliyowekwa na mwenye gari ili limlipie watoto ada inaweza kubaki, mradi mwenye gari asimwambie mnunuzi kwamba ni ya asili. Na chasisi ikioza nyuma, kama zinavyooza nyingi, fundi akate pale kutu inapoishia, achomelee kipande kipya, na picha zipigwe kabla na baada. Ikibidi chasisi nzima ibadilishwe, kipande chenye namba kitunzwe, na hakuna anayeruhusiwa kugonga namba upya bila mamlaka ya usajili kujua.

Oktoba 2024 Landrover zilifurika hapa Arusha kwa tamasha la magari hayo, na nilifurahi kuona jinsi watu wetu wanavyozipenda. Nilizungumza na wamiliki wengi, na wachache tu waliweza kunieleza gari lao lilikuwa la nani kabla yao. Kosa si lao peke yao. Magari ya idara, mashirika na misheni yalikuwa na madaftari ya safari yaliyoandikwa tarehe, kilomita, jina la dereva na alikokwenda, na gari linapouzwa mnadani mnunuzi hupewa ufunguo na stakabadhi, huku daftari likibaki kabatini hadi litakapochomwa pamoja na karatasi nyingine. Ninaomba wanaosimamia minada hiyo wampe mnunuzi na faili la gari. Halina siri ya mtu ndani yake, halichukui nafasi, na kwa magari yatakayouzwa kuanzia sasa litamwondolea mmiliki wa kesho kazi ya kutafuta herufi chini ya rangi.