Saa nne kwenye mashine, au tatu ili wote wapate?

Figo za mama mdogo hazifanyi kazi, kwa hiyo anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki hapa Dodoma, mwaka wa pili sasa. Kwao ni Kongwa, lakini amepanga chumba Chang'ombe ili siku za mashine zisimkute barabarani. Miezi michache iliyopita nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda chake nesi alipokuja, akatazama kioo cha mashine, akasema, "Mama, leo tutakutoa mapema kidogo, wenzako wako nje wanasubiri." Kioo kilionyesha bado dakika 50. Mama mdogo akatabasamu. "Ahsante mwanangu, hata mgongo ulishaanza kuuma."

Ile ahsante imekaa kichwani mwangu tangu siku hiyo. Mgonjwa akichomwa sindano vibaya atalia, akitukanwa atasimulia mtaa mzima. Akipunguziwa saa anashukuru, maana kulala saa nne na sindano mbili mkononi ni kazi ngumu, na kila mtu pale ndani anatamani kutoka. Ndiyo maana hili ninalolizungumzia halifiki kwenye sanduku la maoni. Ndugu wanaulizana kama manesi wana lugha nzuri, kama vitanda ni visafi, kama feni zinafanya kazi. Hayo yote yana uzito. Lakini ubora wa kusafisha damu unaanzia kwenye saa.

Nesi yule si mzembe. Namfahamu, na nimemwona akikosa chakula cha mchana ili mgonjwa aliyeshuka presha asiachwe peke yake. Alichokuwa akifanya kina hesabu nyuma yake, na hesabu hiyo inastahili kusikilizwa.

Chukua chumba chenye mashine 10, zamu tatu kwa siku, siku sita kwa wiki. Hizo ni nafasi 180. Kila mgonjwa akipata mara tatu kwa wiki, kama inavyoelekezwa kwa wagonjwa wengi, chumba kinabeba watu 60. Wakipewa mara mbili, kinabeba 90. Au wabaki na mara tatu lakini saa zishuke kutoka nne hadi tatu, na hapo zamu ya nne inapatikana. Kwa njia yoyote ile kuna watu wasiopungua 20 au 30 wanaopata mahali. Hao ni watu: mzee kutoka Bahi, mwalimu wa Manyoni, binti wa Kondoa ambaye kwao ni kilomita kama 160 kutoka hapa. Kwa mtu ambaye figo zake zimesimama kabisa, kukosa nafasi ni suala la siku au wiki chache.

Kwa hiyo wanaosema tugawane kidogo tulichonacho hawasemi upuuzi. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Swali hili lenyewe ni la zamani kama tiba hii. Kule Seattle, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, mashine zilipokuwa za kuhesabika kwa vidole, kamati ya raia wa kawaida ilikaa na kuamua nani aingie na nani arudi nyumbani kusubiri kifo. Waliangalia kazi ya mtu, ndoa yake, hata kama anaenda kanisani. Nchi ile ikaona aibu, na mwaka 1972 sheria ikapitishwa ili serikali ilipie karibu kila anayehitaji. Ukilinganisha na kamati ya namna ile, kugawana saa kunaonekana kuwa na utu zaidi. Hakuna anayefukuzwa.

Tatizo ni kwamba mwili haujui kugawana. Sisi sote tumefundishwa kumaliza dozi: ukipewa ya siku tatu, usiache siku ya pili kwa kuwa homa imeshuka na ndugu yako naye anaumwa. Figo nzima hufanya kazi saa 168 kwa wiki. Mashine, hata ikipewa muda wake wote, hufanya 12. Hapo tayari tunaishi kwa deni.

Nieleze kwa mfano wa mama mdogo. Uzito wake mkavu, yaani ule anaotakiwa kubaki nao maji yakishatolewa, ni kilo 60. Joto la Oktoba na Novemba hapa Dodoma, kabla mvua hazijaanza, linamkausha koo. Anajitahidi kwa kumung'unya kipande cha barafu badala ya kunywa, lakini kuna siku mzani unasoma kilo tatu za ziada. Hizo ni lita tatu za kuvutwa. Ndani ya saa nne, mashine inavuta mililita 750 kwa saa, yaani 12.5 kwa kila kilo ya mwili wake. Ndani ya saa tatu inavuta lita nzima kwa saa, karibu 17 kwa kila kilo. Mpaka ambao wataalamu wengi hushauri usivukwe ni 13. Ukivukwa, presha inaanguka, miguu inakaza mpaka mgonjwa anapiga kelele, na moyo wenyewe unakosa damu ya kutosha kwa muda. Hilo la moyo halionekani kitandani, linakuja kuonekana baadaye. Siku ile ya dakika 50, mama mdogo alifika nyumbani akalala hadi kesho yake saa nne asubuhi. Majirani wakasema ni uchovu wa kawaida wa mashine.

Na kupunguza siku? Mwaka 2011 ulitolewa uchunguzi wa Marekani uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 32,000 wa mara tatu kwa wiki. Vifo na kulazwa kwa matatizo ya moyo vilikuwa vingi zaidi siku inayofuata lile pengo refu la siku mbili kuliko siku nyingine. Pengo la siku mbili tu. Anayekuja Jumatatu na Alhamisi anakutana na pengo hilo, tena lingine refu zaidi, kila wiki ya maisha yake.

Lipo jambo la tatu ambalo ndugu wengi hawalifikirii: maji. Mgonjwa mmoja kwa saa nne hutumia takribani lita 120 za maji yaliyochujwa, yanayopita jirani kabisa na damu yake, yakitenganishwa na utando mwembamba. Tumbo halipo la kukinga. Sisi wa hapa tunayajua maji yetu ya visima vya Mzakwe, birika la kila nyumba lina ukoko mweupe. Chumvichumvi ya namna hiyo ikipita kwenye mtambo uliochoka, mgonjwa atatapika na presha itapanda akiwa bado kitandani. Mwaka 1996 huko Caruaru, mji wa Brazili uliokuwa kwenye ukame, kituo kimoja kilikuwa kikiletewa maji kwa maboza kutoka bwawani. Maji yalikuwa na sumu ya mwani na hayakusafishwa vya kutosha. Wagonjwa wasiopungua 50 walikufa. Kila nikiona boza linapiga honi mtaani kwetu, huwakumbuka watu wale.

Sasa ukiongeza zamu ya nne, mtambo wa maji unafanya kazi muda wote na saa ya kuusafisha inaliwa. Muda wa kuua vijidudu kwenye mashine kati ya mgonjwa na mgonjwa nao unabanwa. Mashine ya mwenye homa ya ini B, ambayo inatakiwa iwe ya peke yake, inaanza kutazamwa kwa macho ya tamaa, kwa kuwa imekaa bure mchana. Saa moja inayookolewa kwa mgonjwa mmoja hailipwi na yeye peke yake.

Baada ya kuyapima hayo, mimi nasimama upande wa saa nne. Nasimama nikijua kuna mtu nje ya mlango, na hilo halinipi raha. Ila nakubali jambo moja ambalo upande wa pili wana haki nalo. Wapo wagonjwa ambao bado wanapata mkojo wa kutosha, na kwa hao mara mbili kwa wiki inaweza kuwa tiba halali, hasa mwanzoni. Lakini iamuliwe na daktari baada ya mkojo wa saa 24 kukusanywa na kupimwa, na mgonjwa aambiwe. Isiamuliwe na foleni.

Ninachokataa ni kupunguza kimyakimya. Risiti yetu ya siku ile ya dakika 50 ililingana kabisa na za siku nyingine. Haina mahali pa kuandika ameingia saa ngapi na ametoka saa ngapi. Analipa bima au analipa mwenye ng'ombe anayeondoa mmoja mmoja zizini, wote wanalipia mara, hawalipii saa. Tangu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ipitishwe mwaka 2023, tunasikia mengi kuhusu nani ataingia kwenye mfuko. Ningependa tusikie pia kwamba mfuko utauliza saa, na utauliza kipimo cha urea, yaani taka ya damu ambayo figo zilipaswa kuitoa, kabla na baada ya mashine. Urea ikishuka kwa asilimia 65 au zaidi, kazi imefanyika. Ikishuka kwa 50, mgonjwa ameuziwa kitanda. Kipimo hicho ni cha damu ya kawaida tu, hakihitaji kupelekwa Muhimbili.

Mimi nilinunua daftari. Ninaandika saa ya kuingia, saa ya kutoka, uzito kabla, uzito baada. Wiki ya kwanza manesi walinitazama vibaya, na sikuwalaumu, ningekuwa wao ningedhani nakusanya ushahidi. Nikamwonyesha dada mkuu wa zamu nilichokuwa naandika na kwa nini. Akasoma, akanyamaza, kisha akaniambia shida yake yeye si mashine. Mashine mbili hulala kuanzia jioni kwa sababu hana manesi wa zamu ya usiku wala fundi wa kubaki na mtambo wa maji. Manesi wawili na fundi mmoja, ndivyo alivyosema. Mashine mbili zikifanya kazi usiku, siku sita, ni nafasi 12, na hao ni wagonjwa wanne wa saa nne kamili bila kumgusa mtu wa mchana.

Mzee wa Bahi angeweza kuwa mmoja wao.