Nilivyopinga Kuku Mbele ya Madiwani

Huku Maine, kaskazini-mashariki kabisa mwa Marekani, kuna sheria ya majira ya baridi ambayo hufundishwi na mtu mpaka siku ikunase. Theluji kubwa ikitarajiwa, mji wetu unawasha taa za buluu kwenye njia panda. Maana yake ni kwamba usiku huo hakuna kulaza gari barabarani, kwa sababu magari ya kukwangua theluji yanapita. Ukilaza, brekidauni inakuja usiku wa manane na kuondoka nalo. Asubuhi unadaiwa mara mbili: faini ya mji, na gharama za yadi, ambazo zinapanda kila siku gari linapolala pale.

Sasa mimi nakaa mtaa wa nyuma, mlimani. Taa zenyewe sizioni hata nikipanda juu ya paa. Nikalala zangu usingizi mnono.

Asubuhi natoka na sepetu kuchimbua Corolla yangu, nakuta umbo la gari tu limechorwa chini: mstatili wenye theluji nyembamba kuliko kwingine, doa la oili katikati, na alama za matairi makubwa zikiteremka kuelekea bondeni. Wazo la kwanza lilikuwa wezi. Jirani yangu Mkongomani wa Bukavu, mtu mzima ninayemwita Papa, akachungulia dirishani na kunipa pole. "Mwizi gani atachukua ile, ndugu yangu? Hiyo ni serikali."

Nikaenda ofisi za mji. Kwa karani kuna kaunta moja, na kwenye miji ya huku kaunta hiyo ni mwisho wa mambo yote: cheti cha kuzaliwa, leseni ya ndoa, cheti cha kifo, leseni ya kuwinda, leseni ya mbwa. Mbele yangu mzee mmoja alikuwa anaandikisha mbwa. Nyuma yangu kijana na mchumba wake, wameshikana mikono, wanataka kuoana. Zamu yangu ilipofika, yule mama karani alinisikiliza mpaka nikamaliza. Akasikitika kwa dhati. Akaniambia yeye hahusiki na magari kabisa, akanitakia siku njema. Sijawahi kunyimwa kitu kwa adabu namna ile. Kwetu Tanga ukiambiwa "mhusika hayupo" na mtu ambaye hata hajainua macho, unajua moja kwa moja kwamba leo hupati. Huku unatabasamiwa mpaka ngazini, ndipo unashtuka kwamba mikono mitupu.

Ila alinipa dokezo moja: jioni ile kulikuwa na kikao cha madiwani, na mwananchi yeyote ana ruhusa ya kusimama na kusema lake.

Hapo nikaona pamekucha. Nikavaa suti. Nikapanga vielelezo vyote kwenye bahasha: kadi ya gari, risiti ya bima, picha ya ule mstatili. Mlangoni mwa ukumbi kulikuwa na meza yenye karatasi ya kujiandikisha: jina, anuani, halafu visanduku viwili, "Naunga mkono" na "Napinga". Kuunga mkono nini, haikusemwa. Labda ilisemwa pale juu, lakini juu ndipo mtu alipoweka sahani ya biskuti. Nikatia tiki kwenye "Napinga" kwa hasira, kalamu nusura itoboe meza.

Ukumbi ulijaa. Nusu ya watu walivaa sweta zenye picha ya kuku. Nikadhani ni mashabiki wa timu, wametoka uwanjani.

Basi kikao kikaanza. Tukasimama, mkono kifuani, kuapia bendera. Meya ndiye mwenye nyundo ya mbao, lakini pembeni amekaa mkurugenzi na kompyuta yake, na wenyeji wanajua kwamba yule ndiye anayeendesha mji. Hakupigiwa kura na mtu. Madiwani wamemwajiri, na siku wakimchoka wanamwachisha kazi. Nikasema moyoni, kilio changu kimfikie huyo. Ila kwanza ilibidi tupitie chumvi ya kumwaga barabarani, kisha pampu ya zimamoto, na kila jambo lazima mmoja atoe hoja, mwingine aiunge mkono, ndipo lijadiliwe. Kanuni hizo alizichapisha afisa wa jeshi aitwaye Henry Robert mwaka 1876. Inasemekana alianza kuzitafuta baada ya kupewa kuongoza kikao cha kanisani kikamshinda. Namwelewa.

Mara nikasikia jina langu, limetamkwa vibaya lakini ni langu. Nikasogea kwenye kipaza sauti. Nikaambiwa nina dakika 3, na mbele yangu ikawaka taa ya kijani.

"Mheshimiwa Meya, waheshimiwa madiwani," nikaanza, "nimesimama hapa kwa masikitiko makubwa. Mali yangu imechukuliwa usiku, mimi na familia yangu tumelala. Hakuna aliyebisha hodi. Asubuhi nimekuta alama tu kwenye theluji."

Ukumbi ukanyamaza kimya. Mama mmoja mwenye sweta ya kuku akaziba mdomo kwa mkono. Nikajisemea, kumbe watu wa huku wana utu.

"Na sasa nadaiwa pesa ndipo nirudishiwe!"

"Aibu!" mtu akapaza sauti huko nyuma. Meya akagonga nyundo.

Kwa kawaida madiwani hawajibizani na mwananchi akiwa kwenye kipaza sauti, wanasikiliza tu. Lakini mmoja, mwenye miwani, akashindwa kuvumilia. Akaomba ruhusa ya meya.

"Pole sana, bwana. Ulikuwa nazo ngapi?"

"Moja tu, mheshimiwa. Kwa mshahara huu, ya pili naitoa wapi?"

"Na ilikuwa inalala ndani?"

"Ndani wapi? Inalala barabarani, kama za majirani wote."

Akanitazama, akawatazama wenzake. "Majirani wote?"

"Mtaa mzima. Usiku ukipita utazikuta zimejipanga pande zote mbili."

Akaandika kitu. Diwani mwingine, mama wa makamo, akauliza kuhusu kelele, maana malalamiko mengi aliyoyapokea yalikuwa ya kelele. Mimi ni mtu mkweli.

"Asubuhi tu," nikamwambia. "Kukiwa na baridi kali inapiga kelele mpaka mtaa unaamka. Ni uzee, mheshimiwa. Ina miaka 17."

"Kumi na saba?"

"Na imepita mikononi mwa watu kadhaa kabla yangu. Lakini ina nguvu bado! Juzi tu tuliipanda watu sita mpaka Portland, harusini."

Nakumbuka vizuri uso wa meya. Aliiweka nyundo chini taratibu, akasogeza kipaza sauti chake karibu. "Samahani, bwana. Huyo ni kuku?"

"Kuku gani?" nikasema. "Corolla!"

Sijui kicheko kilianzia wapi. Mkurugenzi alivua miwani akawa anafuta machozi kwa tai. Yule mama wa sweta akalala begani kwa mwenzake. Taa yangu ikawa ya njano, ikawa nyekundu, na hakuna aliyenikumbuka. Mpiga picha wa gazeti la mji, ambaye toka kwenye chumvi alikuwa amesinzia, akaamka na kunipiga picha nikiwa nimeinua bahasha yangu juu.

Kumbe ajenda ilikuwa sheria ndogo ya kuruhusu kila nyumba ifuge kuku sita, bila jogoo. Na msemaji wa kwanza wa upinzani ni mimi, mtoto wa Tanga, niliyekua nikiwafungia kuku mlango wa jikoni kila magharibi! Sheria ilipita. Wakati natoka, mzee mmoja wa upande wa wapinzani halisi akaniwahi kwenye ngazi, akanipa mkono kwa nguvu, akasema nimewawakilisha vizuri sana, hasa pale kwenye kelele.

Kuhusu gari, niliambiwa rufaa ya faini inapelekwa kwa maandishi, ofisi nyingine kabisa, ghorofa ya chini, mlango wa ubavuni. Nikaandika. Wakanijibu kwa barua nzuri yenye nembo ya mji kwamba wamesikitika na wamekataa. Nikalipa. Papa akanipeleka yadi, njiani anarudia "miaka 17" kila tunaposimama kwenye taa.

Nyumbani ndiko kulikuwa na kesi yenyewe. "Baba watoto," mke wangu akasema, gazeti mkononi, "umekwenda kufuata gari, umerudi na ugomvi wa kuku?" Akalipiga picha lile gazeti, akairusha kwenye kundi la ukoo. Kabla sijavua viatu, Tanga nzima walikuwa wanajua. Mjomba alipiga simu kuuliza kama Marekani kuku wamenikosea nini. Na muhtasari wa kikao, ambao ni hati ya umma na yeyote anaweza kuusoma, unasema hivi mpaka leo: mkazi mmoja alipinga. Niliomba urekebishwe, nikaambiwa muhtasari ulishathibitishwa. Hoja ilitolewa, hoja ikaungwa mkono.

Theluji ilipoyeyuka, mke wangu akaamua kwamba njia pekee ya kusafisha jina la familia ni kufuga. Tukajaza fomu kwa yule yule mama karani, ambaye aliponiona alijikaza kweli kweli lakini mabega yakamsaliti. Akaja mkaguzi na futi yake, akapima umbali kutoka bandani hadi kwenye uzio wa jirani, akatikisa mlango wa banda, akainama kuangalia waya. Safi. Akaanza kujaza karatasi yake. Corolla ilikuwa imeegeshwa hapo uani. Akainyooshea kalamu.

"Na huyu wa miaka 17, naye nimhesabu?"

"Ukimhesabu tutafika saba," mke wangu akamjibu. "Andika sita."