Ng'oeni mhina, mpande plastiki

Wameung'oa. Mhina uliokuwa nyuma ya ploti yetu, kando ya tangi la maji, umekwenda na mizizi yake yote, na pale palipokuwa na kivuli sasa pana kabro nyekundu zinazochoma nyayo kuanzia saa nne asubuhi. Pembeni wameweka vyungu viwili vya maua ya plastiki. Ya plastiki, jamani! Mombasa hii, ambako ukitema mbegu ya papai uani inaota.

Nilipomuuliza keateka alinijibu kwa adabu zake zote: "Mama, kile kilikuwa kichaka tu. Mwenye nyumba anataka pawe pasafi." Sina ugomvi naye, yeye katumwa. Ugomvi wangu ni na mji mzima unaojipaka hina kila Idi na kila harusi lakini hauujui mti wenyewe. Binti wa jirani yangu anapamba maharusi, na analipwa vizuri, mashallah. Amepita chini ya mhina ule akienda na kurudi tangu akiwa mtoto. Siku nilipomwonyesha akasema, "Huu ndio hina? Mi nilidhani hina inatoka India."

Basi kwa faida yake, na yenu nyinyi mnaocheka.

Mhina ni kichaka, sawa, cha mita mbili hadi sita ukikiachia, chenye matawi mengi membamba. Majani yake hutoka mawili mawili yakitazamana, laini, hayana unyoya, yamechongoka ncha, na marefu kabisa ni kama sentimita tano. Ukiyatazama huoni cha ajabu. Maua ndiyo ninayoyalilia. Ua moja ni dogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, petali zake nne zimekunjamana kama nguo iliyotolewa sandukuni bila kupigwa pasi, rangi ya maziwa, na stameni nane, vile vijiti vyenye chavua, zikichomoza mbili mbili katikati ya petali. Yanakaa mashada mashada kwenye ncha za matawi, na jioni upepo ukitulia harufu yake ilikuwa ikipanda mpaka ngazini kwetu. Yakishapukutika vinabaki vitunda vya mviringo, vikavu, vya kahawia, milimita nne hadi nane hivi, vimejaa mbegu za pembepembe. Kibane kimoja kwa ukucha, kinapasuka ovyo na mbegu zinamwagika kiganjani. Ukoo wake ni mmoja na mkomamanga, lakini katika jenasi yake yuko peke yake, hana ndugu.

Jina la kitaalamu ni Lawsonia inermis, alilotoa Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, mwaka 1753 kumuenzi Isaac Lawson, daktari wa Uskoti aliyemsaidia kuchapisha kazi yake. Bibi zetu wametwanga majani haya tangu enzi, heshima ikaenda kwa mtu wa nchi ambako mhina ukiuacha nje msimu wa baridi unakufa. Haya, tusonge.

Wanasema una miiba. Mchanga hauna, ukizeeka ndipo vijitawi vingine vinageuka vichomi kwenye ncha, na dawa yake ni mkasi. Wanasema unaleta nyoka. Nyoka analetwa na panya, na panya analetwa na takataka ambazo mwenye nyumba hajazilipia gari.

Lakini hasa kinachonichoma ni hili la "pawe pasafi", maana baada ya kabro wanatuahidi ukoka na maua ya kununua, yatakayonyweshewa kwa maji ya bauza, lile gari la tangi. Maji ya bauza! Sisi tunaopanga ndoo foleni mfereji ukikauka! Mhina haukuomba tone. Kwao hasa ni nchi kavu, Afrika ya Kaskazini mpaka Arabuni na Asia ya Kusini, na hata hapa Kenya utaukuta nyikani kandokando ya mito ya msimu, ile inayofurika wiki chache halafu ikabaki mchanga mtupu. Mti uliozoea kugharikishwa kisha kusahauliwa ndio mti wa ua wa Mombasa. Masika yakija, mwezi wa tano, ua wetu unakuwa bwawa, mtoto anaweza kuelekeza ngalawa. Ukija mwezi wa pili, kaskazi linakausha nguo kabla hujamaliza kuanika na ardhi juu ya hili jiwe letu la matumbawe inapasuka. Hapo ndipo mhina unapostarehe. Joto la kutusukuma sisi barazani usiku ndilo linaloukoleza rangi jani lake. Mvua ikirudi unachipua upya, na ukiukata unatoa matawi mengi kuliko uliyokata, ndiyo maana watu wa zamani waliufanya ua wa kuzunguka nyumba. Sasa niambieni ni ukoka gani utafanya hivyo.

Bogavilia nazo nimezichoka. Zote zimetoka Amerika ya Kusini, zinachoma watu kuliko mhina, na hakuna anayeziita kichaka.

Nakubali jambo moja, ingawa kwa shingo upande: unga wa kutoka India, ule wa Sojat huko Rajasthan, ni laini kuliko chochote tutakachotwanga kwenye kinu. Umechekechwa ukapita, unatoka kwenye koni ya kuchorea mwembamba kama uzi. Majani mabichi ya kutwanga hayachori maua ya Kihindi. Yanapaka viganja na nyayo na vidole, kama alivyokuwa akipakwa mama yangu, na sioni alichopungukiwa.

Tena kuujua mti kuna kinga ndani yake, na hapa naomba tuache mzaha. Rangi ya mhina iko kwenye jani, inaitwa lawsoni, na ndimu unayoikamulia ndiyo inayosaidia kuitoa. Inashikamana na protini ya ngozi yenyewe, na kwa kuwa ngozi ya kiganja na unyayo ni nene, hapo ndipo inapokolea. Ukibandua, utaona chungwa. Siku mbili baadaye imeiva, nyekundu ya kahawia. Kaponde jani moja kwa vidole usiku, linanuka kama nyasi zilizokatwa. Asubuhi angalia vidole vyako. Basi. Jani la mhina halitoi nyeusi, halijatoa na halitatoa.

Sasa mpwa wangu alikwenda saluni moja, wiki ya harusi ya rafiki yake, akapakwa "hina nyeusi" iliyokolea kwa nusu saa. Nusu saa! Hina gani hiyo isiyotaka kulaliwa? Kufika siku ya kupamba, mkono umefura, maua yote yameinuka malengelenge, mstari kwa mstari, unaweza kuyasoma kwa kidole. "Mama mdogo, waliniambia ni hina ya kisasa." Ile ni rangi ya nywele. Ndani yake mna kemikali wanayoiita PPD, iliyotengenezwa kwa nywele wala si kwa ngozi, na ngozi ikishaikataa mara moja huwa haisahau. Mtu huyo hata akija kupaka mvi zake uzeeni anaweza kuumuka uso. Ulaya wamepiga marufuku kuipaka ngozini. Sisi tunawapaka watoto wa miaka sita siku ya Idi na kusema mashallah imekolea.

Najua piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maharusi, ni ya kwetu na kila harusi ina piko, msiniandikie. Nasema tu, mtoto aliyekulia chini ya mhina, aliyechuma majani na kuona kinachotoka, huwezi kumuuzia weusi ukamwambia ni jani. Na hina halisi nayo msiwapake wachanga, hasa kwenye familia zenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, upungufu ambao Pwani hii si mgeni: lawsoni inaweza kuvunja damu yao. Muulizeni daktari kwanza.

Wenye nafasi ya hata futi nne ukutani, pandeni. Kata kijiti kilichokomaa, urefu wa shubiri, kitie ardhini mvua za kwanza za masika, mahali penye jua, msikifiche chini ya mwembe. Mbegu nazo huota lakini zinataka kuloweshwa siku kadhaa na moyo wa subira, ambao mimi sina. Shangazi yangu wa Majengo ana mhina mkubwa na anagawa vijiti bure kwa anayebisha hodi. Wanaoruka ukuta usiku anawatambua kwa viganja.